Maji ya Mzee wa Melini

Mjukuu wangu Baraka, hujambo huko Texas? Hapa mjini Bowie mama yako hajambo, baba yako hajambo, dada yako Neema anakusalimu, mimi ni miguu tu inayouma. Unakula lakini?

Umeuliza kama nilimjua mtu aliyefungwa kwenye zile meli za mizigo za Wajapani, zilizobeba mateka wa Vita vya Pili vya Dunia. Nilimjua. Ndiye mzee wa kwanza niliyepewa kumtunza nilipoanza kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao. Sakafuni alipanga vikombe vya maji, nami asubuhi moja nikavimwaga vyote.

“Maji yangu yako wapi?”

“Nimemwaga, mzee. Maji wazi huzaa mbu.”

“Mbu, na theluji hii!” Akacheka, kisha akalia. Akasema kule chini melini rafiki yake alimwomba maji akiwa anakufa, naye akaficha ya kwake, asimpe.

“Hayo uliyomwaga yalikuwa ya rafiki yangu huyo, mama.”

Niliona haya. Kesho yake ofisi iliyoniajiri ikanipeleka nyumba nyingine, na mzee akafa sijamwambia pole. Tangu hapo sigusi kitu cha mtu kabla sijauliza.

Nijibu upesi, hata mstari mmoja. Mimi neno langu lilichelewa.

Nyanya yako