Roboti Ndogo Imesimama

Binti yangu,

Chai iko kwenye chupa. Funga dirisha, upepo usiiangushe roboti hapa mezani.

~~Ukitoka shule irudishe dukani, uchukue ile kubwa.~~ Haiendi popote! Juzi ulininunia kwa kuwa nilichagua hii ndogo ya kujiundia, ya wanaoanza, ukaiita mdoli. Basi asubuhi hii nimekaza skrubu ya mwisho, nikaiwasha. Ikainua mguu, ikaanguka chali. Ikajiviringisha, ikajisukuma kwa mikono, ikasimama yenyewe. Yenyewe, mwanangu! Miaka yote nafungua na kufunga cherehani za watu, hakuna hata moja iliyowahi kuinuka.

Ikapiga hatua. Nikajikuta nimepiga magoti, nimeinyooshea mikono, naita, "Njoo, njoo kwa mama."

Maneno hayo mara ya mwisho nilikuambia wewe, una meno mawili tu.

Mama