Mjukuu Hakunyonya Kidole

Mpendwa Mama Mildred, naomba unisaidie, mimi ni nyanya wa hapa Moding na naandikiwa na katekista wetu Protus kwa sababu sijui kushika kalamu. Mke wa mwanangu, Anjeline, alijifungua mimba ikiwa ya miezi sita na nusu, hospitali wakamweka mtoto kwa joto wiki tano, tukarudi naye nyumbani akilishwa kwa kijiko, na kwetu Wateso nyanya huchovya kidole kwa pombe ya wimbi akamgusa mtoto mdomoni huku akitaja wazee waliokufa, jina likitajwa akanyonya, ndilo lake, basi nikataja Ikapel, nikataja Echodu, nikataja tisa wote na ulimi ukalala tu, na mimi nikasema mbele ya watu, "Huyu wazee wamemkataa, si wa kukaa." Anjeline alisikia. Tangu juzi hataki kukamua maziwa, ananiambia, "Mama, wewe ndiyo ulisema si wa kukaa. Nakamua ya nini?" na mwanangu amekwenda Uganda na lori, na mtoto anapungua. Nampenda, Mama. Nilisema vile kwa woga, wangu wa kwanza alitoka hivyo hivyo akafa kabla ya kupata jina.

Nyanya Amongin

Nyanya Amongin, pole sana, na pole kwa yule wa kwanza, naona umemlilia peke yako miaka yote hii. Lakini leo nitakugombeza, na Protus asiruke neno. Mtoto hakukataa jina. Angekuwa bado tumboni hata miezi minane hajafika, na wa umri huo hajui kunyonya. Pombe ikae mbali naye kabisa.

Mtoto anayepungua hangoji lori lirudi. Mpelekeni hospitali leo hii, amefungwa kifuani ndani ya nguo, ngozi kwa ngozi, Anjeline akichoka umpokee wewe. Na kabla hamjatoka mwombe msamaha, umweleze habari za yule mtoto wako, maana najua hajawahi kuzisikia. Mpikie uji, kaa naye akikamua, hata yakitoka matone.

Siku mjukuu atakapojua kunyonya, chovya kidole kwa maziwa ya mamake, uanze upya. Safari hii taja majina kumi. La kumi ni lile ulilomchagulia moyoni yule wa kwanza, na usiniambie umelisahau.