Biskuti za Noeli katika Nyumba ya Kilio

Mjukuu wangu Mado,

“Nyumba yenye kilio haipiki kitu kitamu.” Ndivyo baba yako mkubwa alivyowaambia huko Lubudi, nawe unaniuliza kama ni kweli. Si kweli! Sisi Kolwezi tu wazima. Bibi yako anawasalimu, ingawa bado anamlilia marehemu mama yako kila asubuhi.

Nilikuwa kijana baba yangu alipofariki, Noeli ikiwa karibu. Mama alichovya biskuti katika chai ya maziwa, akazipanga bakulini, akamwagia kremu ya mayai, akaweka ndizi, kisha biskuti tena, mpaka bakuli likajaa. Jirani akasimama mlangoni.

“Mama, bwana yako ni juzi tu tulimuzika, na weye uko unapika bitu ya sukari?”

“Bwana alikufa, mama. Batoto habakufa. Ikala, kamata kijiko.”

Jirani aliketi, akala, akaanza kulia. Nasi watoto tukalia naye, midomo imejaa, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Watu walitaka tunyimwe utamu ili tuomboleze, kumbe ndio uliotufungua.

Pika, Mado. Na msomee baba yako mkubwa maneno haya: Mkwe wangu, keki ya harusi ya binti yangu uliila. Sasa kaa mezani na watoto wake, ule nao.

Babu yako