Mti wa Kileleni

Jumatano, 10 Julai 1996
Madaftari ya darasa la pili yamenishinda. Nimesahihisha nusu, nusu nimeacha. Okelo amerudi na nyasi kwenye nywele, kwenye soksi, mpaka kwenye sahani ya ugali. Kila jioni ni kufagia nyasi. Nimechoka na mume, nimechoka na ufagio.

Anaezeka lile jumba la Mama Kabula pale ufukweni. Ghorofa tano za duara, na juu kabisa paa la msonge wa Kisukuma. Watakaokaa humo ni marubani wa ndege za mizigo na wazungu wa viwanda vya minofu ya sangara. Sisi huku juu kwenye mawe tumepanga vyumba viwili vya bati na maji tunachota kwa jirani.

Wasukuma wa kazini wanamtania. Msonge wetu anauezeka Mjaluo, utanuka samaki. Anacheka mpaka anakohoa. Kikohozi hicho sikipendi.

Jumapili, 14 Julai
Baada ya ibada alinipeleka kuliona hilo jumba. Sakafu ya marumaru. Lifti inayosubiri umeme. Kuta zimechorwa mistari kama kibuyu cha maziwa. Watu wanasema ni asili yetu. Nyumba ya bibi yangu ilikuwa ya duara pia, lakini ilikuwa na moshi na mbuzi na sisi wajukuu tukilala sakafuni kama magunia. Okelo anasema nyasi zisizopata moshi huliwa na wadudu. Hapa wamepuliza dawa.

Lakini paa ni zuri. Sikumwambia, atavimba kichwa.

Alhamisi, 25 Julai
Tumegombana.

Leo amesimika mti wa kileleni. Mchoraji wa ramani alitaka ncha ya chuma, Okelo akachonga mti wake mwenyewe, Mama Kabula akaupenda. Nikamuuliza, mti wa nani? Kwetu Wajaluo mti ule, osuri, hausimami ovyo. Ukisimama juu ya nyumba, mwanaume wa nyumba yu hai. Akifa, unashushwa, na kila anayepita njiani anajua. Jumba la kupangisha lina mwanaume gani? Mama Kabula mwenyewe ni mjane.

Akasema, "Huo ni wangu, Mwalimu. Ndiyo nyumba pekee niliyoiwekea mti wangu kileleni."

Hatujajenga kwetu Shirati. Kila mwaka tunasema mwakani. Nikaenda kuosha vyombo.

Ijumaa, 9 Agosti
Hospitali. Mapafu. Daktari ameuliza kwa nini tumechelewa kuja. Okelo akasema alikuwa anamalizia paa. Nilitamani kumzaba kibao mbele ya daktari.

Jumatano, 14 Agosti
Bado yuko hospitali, amelala chini ya shuka. Uji vijiko vichache. Ameniuliza kama paa limetulia vizuri, nikamwambia limetulia. Akaniuliza kama mti unaonekana kutoka nyumbani. Unaonekana. Nikisimama kwenye kamba ya kuanikia nguo, nauona wote, na ziwa nyuma yake. Akafurahi. Binti yetu Awino tumemwandikia shuleni aombe ruhusa.

Jumanne, 20 Agosti
Okelo amekufa. Alfajiri. Awino hajafika.

Jumapili, 1 Septemba
Nimerudi kutoka Shirati. Tumemzika.

Ndugu zake walisimamisha kibanda cha haraka, fito na udongo mbichi, maana mwanaume hazikwi kama asiye na boma lake. Kibanda hata mlango kilikuwa hakina. Mtu aliyeezeka mahoteli na majumba ya watu. Nilikitazama, nikatamani kukisukuma kwa mkono kianguke.

Kisha mtu akataja mti wa jumba la huku Mwanza. Shemeji Ouma, kaka yake mkubwa, akasema mbele ya wazee kwamba mti ule lazima ushuke. Marehemu hawezi kuwa amezikwa Shirati, na huko Mwanza bado anasimama. Nikasema sawa, nitamwona mwenye jumba.

Sijaenda.

Jumamosi, 7 Septemba
Shemeji amekuja mwenyewe. Hakukaa hata kunywa chai, tukashuka mpaka kwa Mama Kabula. Akatupa pole vizuri tu, akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Shemeji zangu, nisubirini nifungue nyumba wiki ijayo. Mkiushusha sasa, paa litakuwa na kipara mbele ya wageni. Nikishafungua, njooni." Shemeji alitoka amefura. Ameondoka Mwanza bila kuniaga sawasawa.

Mimi nilifurahi. Naandika hivyo hivyo. Kila asubuhi naanika nguo, hata zisizo chafu, nautazama. Ukiwa umesimama, Okelo yuko kazini tu, atarudi jioni na manyasi yake.

Jumamosi, 14 Septemba
Ufunguzi. Nilialikwa, nikavaa kitenge cheusi. Ngoma, pilau, marubani na bia. Hotuba ndefu kuhusu asili yetu. Mchoraji alipigiwa makofi. Kampuni ya saruji ilipigiwa makofi. Mwezekaji hakutajwa.

Mgeni mmoja akauliza ule mti wa juu ni wa nini. Mama Kabula akasema ni urembo.

Nikainua macho. Wamefunga dishi la televisheni kule juu, kubwa kama karai la kuchanganyia zege. Ili lisiyumbe na upepo wa ziwa, wamelikaza kwa waya kwenye mti. Waya umezungushwa, ukazungushwa tena, umeula mti mpaka ndani. Mume wangu amegeuzwa mhimili wa dishi.

Pilau sikumaliza.

Jumanne, 17 Septemba
Nimekwenda peke yangu baada ya vipindi. Nilisema neno moja tu, ushusheni. Mama Kabula hakubishana. Alimwita fundi, akakaa na mimi kwenye ngazi za marumaru, mjane na mjane. Rubani mmoja alitoka kulalamika kwamba mpira umekatika kwenye televisheni. Mama Kabula akamwambia asubiri, kuna msiba.

Ukashushwa kwa kamba. Ukaja na nyasi zake. Kutoka chini siku zote niliuona mrefu kuliko mtu, lakini nilipoushika uliishia begani kwangu. Pale alipopitisha panga pamebaki alama za kuchonga, moja moja. Nililia kwa sauti. Shirati sikulia hivi.

Jumapili, 22 Septemba
Shemeji Ouma ameupeleka mti Shirati jana. Safari hii alikunywa chai, akala na kiporo. Awino amerudi shuleni.

Asubuhi nilianika nguo. Paa lina kipara, limebaki dishi peke yake kwenye nguzo ya chuma. Ziwa limetulia.

Nimesahihisha madaftari yote. Jioni nikafagia vyumba vyote viwili, chini ya kitanda, nyuma ya mlango. Nimetoa vumbi tu. Hakukuwa na unyasi hata mmoja.