Kamulango ka kuku ndani ya bus ya farasi

Mujukulu wangu Kapya,

Jambo yenu bote kule Lubumbashi. Hapa Jette, ku Ulaya, twiko bazima, na muke wangu alizaa mutoto mwanamuke. Usicheke juu ninakuita mujukulu na niko kijana: miye njo mudogo wa nkambo yako, ule babu yako.

Uliuliza namna gani miye, mwenye hakumaliza primaire, ninaelezaka batu mambo ya bus ya zamani.

Bon. Nilikuwa ku essai, bananijaribu kwanza, mu atelier ya musée, nyumba ya kuchunga vitu vya zamani, kazi ya kusafisha. Mule mulikuwa bus moja yenye farasi mbili zilikuwa zinavuta, zamani, kabla ya tram. Kisha mulimaji mumoja aliinunua, akafuga mo kuku. Chef wetu Papa Jef, muzungu muzee mwenye anajua Swahili ya Kolwezi, alitaka kutupa planche moja, ubao ya pembeni, juu mulimaji alikata mo kamulango ka kuku.

Niliogopa kusema, pengine batanifukuza. Lakini kwetu baba alifugaka kuku mu cabine ya camion ya kufa. Camion ingine yote iliuzishwa ku ferraille, kwa batu ba vyuma, cabine ikabakia juu ya kuku.

Nikamuuliza: «Papa, zile bus zingine ziko wapi?»

«Zingine? Balizipasua, bakafanya kuni.»

«Alors hii, ni kuku njo ziliichunga.»

Akacheka: «Miaka makumi tatu niko hapa, leo kuku ananifundisha!»

Planche ikarudia pa nafasi yake. Siku moja batoto ba masomo bakakuja kuangalia, bakauliza kale kamulango ni ka nini. Papa Jef akaikala, akanionyesha na kidole: «Mumuulize monsieur.»

Nikaanza kusema.

Nkambo yako,
Mukalay