Nimerudisha Chaguo Langu

Jumamosi, tarehe kumi na nne. Eldoret. Mvua tangu alfajiri, na baridi ya kuvaa sweta mbili.

Mama,

Leo nimekasirika, na sijazoea. Ulikuwa ukisema hasira yangu huchelewa kama sufuria juu ya kuni mbichi.

Leo imechemka.

Nianze mwanzo, maana wanaosoma blogu hii hawajui yote. Tangu matokeo ya Kidato cha Nne yatoke nimekuwa nikitafuta chuo cha biashara. Nataka siku moja nifanye kazi katika benki ya uwekezaji. Si ile ya kupanga foleni na kitambulisho mkononi. Ni ile ambayo kampuni ikitaka kujenga kiwanda, au kuuza hisa zake kwa watu kwa mara ya kwanza, inaenda kusaidiwa kutafuta mtaji. Mtu anakaa chini, anaipima kampuni nzima, anasema thamani yake ni hii. Nilipojua kwamba hiyo ni kazi, na kuna watu huamka asubuhi wakaenda kuifanya, nilikumbuka rafu yetu ya vyombo.

Kila Jumamosi ulirudi kutoka kazini Elgon View, mtaa wa matajiri, na magazeti ambayo mwajiri wako alikuwa amemaliza kusoma. Ulitandika mapya chini ya sahani na vikombe. Ukurasa wa hisa uliuacha uning'inie mbele, niusome kwa sauti ugali ukiiva. Kisha kila mmoja wetu alichagua kampuni yake, na wiki iliyofuata, tukibadilisha gazeti, tuliangalia nani amepanda na nani ameshuka. Aliyeshuka alienda kuteka maji bombani.

Wewe ulichagua kampuni ileile ya majani chai, na karibu kila wiki ilishuka. Nilikuambia uiache. Ulisema, "Nimeizoea." Mimi nikashinda, nikakaa karibu na jiko. Wewe ukabeba ndoo.

Basi, vyuo. Wiki iliyopita nilitembelea viwili hapa mjini. Cha kwanza kiko ghorofa ya tatu juu ya duka la viatu, na bango lake lina kijana mwenye tai anayeichekea kompyuta. Niliuliza kama wanafundisha mambo ya benki ya uwekezaji. Dada wa mapokezi akasema, "Sisi hufundisha banking yote, mrembo. Jaza form tu." Nikamuuliza kampuni hupimwaje thamani. Akaniuliza kama nitalipa leo au Jumatatu.

Cha pili ni cha umma, na kuta zake zinahitaji rangi. Mwalimu mmoja, mama wa makamo mwenye chaki kwenye mkono wa sweta, alinivutia kiti.

"Sitakudanganya," alisema. "Hapa hutatoka ukiwa mtu wa benki ya uwekezaji. Tutakufundisha kusoma hesabu za kampuni mpaka uone pale wameficha kitu. Baadaye kuna mitihani mingine, halafu uanzie chini kabisa huko Nairobi. Uko tayari kuanzia chini?"

Hakuniahidi kitu hata kimoja. Ndiyo maana nikachagua chuo chake.

Nilienda cyber ya Kevo, pale mtaani tunapolipia intaneti, nikakiweka chaguo la kwanza kwenye tovuti ya serikali ya kuchagua kozi. Usiku huo nililala vizuri, mara ya kwanza tangu tukuzike.

Leo ni siku ya mwisho ya kubadilisha machaguo. Asubuhi nilipita kwa Kevo anichapishie karatasi, niipeleke kanisani kesho waniombee. Skrini ikafunguka. Chaguo la kwanza: ualimu. La pili: ualimu. La tatu, ualimu.

Kevo akaanza kupangusa kibodi ambayo haikuwa na vumbi.

"Mjomba wako alikuja Alhamisi," alisema. "Aliniambia yeye ndiye mzazi sasa. Na password yako ninayo."

Anayo kweli. Ana daftari nene lenye password za nusu ya mtaa, kila moja na jina la mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye aliyetufungulia email na akaunti za tovuti sisi wote. Yangu ilikuwa jina lako.

Nilimpigia Mjomba Wanyonyi palepale, watu wa foleni wakisikiliza. Unamjua ndugu yako. Amefundisha huko Ainabkoi miaka yote, na tangu uondoke hajawahi kusahau kuniletea viazi. Hakukana.

"Sikiza, Nekesa. Mwalimu hata akingoja, mwishowe huajiriwa. Hiyo benki unayosema iko wapi hapa Eldoret? Nionyeshe hata mlango."

"Hapa hakuna, Anko. Nitaenda mahali iko."

"Hiyo ni kazi ya watoto wa Elgon View. Wale hupelekwa shule na gari."

"Mama alifua nguo za hao watoto, Anko. Na ukurasa wa hisa aliujua kuliko wao."

"Usimwingize mamako hapa."

"Yeye ndiye alianza."

Nilisikia kuku wake kwenye simu.

"Haya. Ukikwama usinipigie."

"Nikikwama nitakupigia. Nani mwingine nitampigia?"

Akakohoa kile kikohozi chake cha kuficha kicheko, akakata.

Simchukii, Mama. Anaogopa nisije nikarudi mikono mitupu, na mimi pia naogopa. Lakini hofu yake haitanijazia fomu.

Nikamwambia Kevo atoke kwenye kiti chake. Akasema hakuna mteja hukalia hicho kiti. Mzee mmoja nyuma yangu akamwambia, "Toka, kijana, umefanya makosa." Akatoka. Nikaondoa ualimu mara tatu, nikarudisha chuo changu. Kisha nikakata jina langu kwenye lile daftari kwa kalamu yake mwenyewe, nikabadilisha password.

Siiandiki hapa kwa sababu Kevo husoma blogu hii. Wewe utaijua. Ni ile uliyoizoea.

Nilikuwa nimefika nusu ya kuiandika, vidole vikasimama. Mtu anayesoma ukurasa wa hisa kila Jumamosi kwa miaka hachagui kampuni inayoshuka kwa kutojua. Bomba lilikuwa mbali, na jioni za hapa zina baridi.

Ulikuwa unajua.

Nilidhani nakushinda. Kumbe ulikuwa unaniacha karibu na jiko.

Sasa nimerudi nyumbani. Nimetandika gazeti jipya kwenye rafu, na karatasi ya chuo nimeisimamisha nyuma ya kikombe chako cha bluu, kile chenye ufa. Wiki hii nimechagua kampuni yako ya majani chai. Sikungoja ishuke. Maji nimeshateka, ndoo mbili, kwenye mvua.

Huko uliko, Mama, unikumbuke.