Kwa Nini Nilimsoma Kwamboka

Shuleni, Nyansiongo
Jumapili, baada ya kufua

Mama yangu,

Shikamoo. Goti lako linasemaje siku hizi? Na bibi, bado anagombana na dawa za presha au ameanza kuzimeza bila kubembelezwa? Mimi mwili hauna neno, ila hii baridi ya huku, ambayo haijanizoea wala mimi sijaizoea. Asubuhi ukungu hutoka kwenye mashamba ya chai ukaja mpaka mlango wa bweni, na maji ya bomba yanauma meno. Lakini nala, nalala, nasali na nasoma. Kwa hayo usiwe na wasiwasi.

Naandika haraka kwa sababu Madam Naibu, naibu wa mwalimu mkuu wetu, atakupigia simu wiki hii. Atakwambia binti yako amekosa adabu mbele ya wazazi wa watu, amevuliwa uongozi wa bweni, na amekataa kuomba msamaha. Kuvuliwa nimevuliwa, na kukataa nimekataa. Hilo la adabu utaamua mwenyewe ukishasoma. Mwalimu wetu wa Kiswahili anashuka Mombasa kumwona dada yake, na amekubali kuifikisha barua hii kwa shangazi pale Likoni, ili unisikie mimi kwanza.

Kila mwaka, Kidato cha Nne kinapokaribia kuondoka, shule hufanya ibada ya kuagana. Wazazi huja, mahema hupigwa uwanjani, hupikwa wali. Kinachongojwa zaidi ni usomaji. Mwanafunzi mmoja husimama na kuwasoma wenzake mmoja mmoja, maneno machache ya kusifu na kutania, na anayesomwa husimama watu wamwone. Mwaka huu darasa lilinichagua mimi.

"Wewe Kiswahili yako iko na sukari," Kerubo aliniambia. "Sisi tukiandika itatoka kama tangazo ya matanga."

Unajua nilivyofika hapa Kidato cha Kwanza nikiwacheka wanavyosema "kitabu yangu" na "rara sasa" badala ya "lala". Wao walinicheka zaidi, maana nilikuwa nalala na sweta tatu na viatu. Sasa ni miaka minne, na hao wasichana ndio ndugu zangu. Basi nikakaa kwenye ngazi za maabara jioni baada ya jioni, nikaandika.

Nilianza na Kerubo mwenyewe, mtoto wa Marani, ambaye hulala darasani macho yakiwa wazi. Mwalimu wa kemia akimshtua kwa swali, hujibu "Maji" kabla hata hajajua ameulizwa nini. Niliandika kwamba Kerubo amejibu "Maji" tangu Kidato cha Kwanza na mara nyingi amepatia, kwa hiyo kosa labda liko kwenye kemia. Nikaandika pia kwamba ukiwa na huzuni, Kerubo haulizi kuna nini. Hukaa kando yako akakutafunia njugu sikioni mpaka ucheke.

Nikaandika juu ya Bosibori wa Kiogoro, Msabato wetu, anayeombea chakula mpaka kinapoa. Humwombea mpishi, akamwombea aliyevuna mahindi, na ng'ombe aliyetoa maziwa. Sisi wa meza yake tumejifunza kusema "Amina" mapema ili kumkata. Lakini huyo huyo Bosibori, kila Ramadhani, ndiye aliyemsumbua mpishi aniwekee uji wa daku, akaulinda kama askari. "Hata sisi tunajua kufunga," aliniambia, "ni vile tu hatutangazi."

Nikaandika juu ya Nyanchama, mfupi kuliko wote, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mlima. Hajui kunong'ona. Siku moja tukiwa kwenye jaribio alininong'oneza nimwazime rula, na darasa la jirani likamletea.

Halafu nikamwandika Kwamboka.

Mama, sijakusimulia sana habari za Kwamboka. Kwao ni hapa hapa Nyansiongo, nyuma ya mashamba ya mahindi. Alikuwa Kidato cha Pili mwaka mmoja mbele yetu, akapata mimba, akaondoka. Mtoto alipoanza kutambaa, bibi yake Kwamboka akamchukua na kumwambia yeye arudi shuleni. Alirudi akaingia darasa letu. Wasichana walimwita Mama Darasa, mwanzoni kwa kumcheka. Baadaye jina likabaki lakini kicheko kikaisha. Ndiye anayejua nani ana homa kabla mwenyewe hajajua. Ndiye anayekunja sketi zetu chini ya magodoro zikatoka kama zimepigwa pasi. Na akifanya hesabu ngumu, mguu wake huanza kutikisika wenyewe, kama anayebembeleza mtoto, na benchi zima hubembea naye. Niliandika kwamba sisi wa benchi lile tumefaulu hesabu kwa sababu Kwamboka ametulea kwa mguu mmoja.

Madam Naibu aliitisha maandishi yangu ayapitie. Mama, si mtu mbaya. Ndiye aliyenipeleka hospitali nilipougua kifua, akakaa nami mpaka jioni. Alisoma huku akicheka peke yake kwa habari za Kerubo. Alipofika kwa Kwamboka akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari kutoka juu mpaka chini.

"Huyu hatumsomi," alisema.

"Kwa nini, Madam?"

"Kidato cha Kwanza watakaa pale mbele. Unataka wajifunze nini? Tulimrudisha kwa huruma. Tumemsamehe, lakini hatumsherehekei."

"Madam, yeye ni wa darasa letu."

"Nimemaliza, Mwanasha."

Nilitoka. Niliwakuta wenzangu kwenye tangi la maji wakifua, nikawaambia. Nyanchama akataka tugome sote tusiende kwenye ibada, na alivyokuwa akisema nadhani hata walimu walisikia. Kwamboka aliendelea kusugua kola ya shati lake.

"Wachaneni na hiyo mambo," alisema. "Mimi nataka tu nimalize."

Nilimvuta kando. Sikutaka kufanya jambo kwa jina lake ambalo yeye halitaki. Nikamuuliza, "Nikikusoma, utaona aibu?"

Alifikiri kidogo. "Aibu yote nilimaliza Form Two," alisema. "Shida ni magokoro." Magokoro ndiye bibi, kwa lugha yao. "Amenunua kitambaa kipya cha kichwa. Ameambia watu wa soko atasikia jina yangu ikisomwa. Sijui nitamwambia nini."

"Basi hutamwambia kitu," nikamwambia. "Nitakusoma."

"Utaadhibiwa."

"Naam."

Akaniangalia, akarudi kwenye karai lake. Kola ile akaisugua upya.

Siku ya ibada jua lilitoka tangu asubuhi, jambo la nadra huku. Wazazi walijaa, wengine na ndizi za kuwaletea watoto wao. Kwamboka aliwekwa safu ya nyuma kabisa, karibu na vyombo vya wapishi. Bibi yake nilimtambua kwa kitambaa, cha manjano. Alikaa katikati ya wazazi, kitukuu chake, mtoto wa Kwamboka, amelala mgongoni.

Nilisoma. Watu walicheka, mama. Baba yake Kerubo alicheka mpaka akavua kofia. Alipotajwa Bosibori, mzee wa kanisa lao akaitikia "Amina" mapema, na watu wakacheka upya. Nilisoma wote, na karatasi ikaisha. Madam Naibu akaanza kupiga makofi ili watu wamfuate.

"Amebaki mmoja," nilisema.

Maneno yake sikuwa nayo kwenye karatasi, lakini nilikuwa nimeyaandika mwenyewe, nitayasahauje. Nikasema, "Kwamboka, simama." Akasimama kule nyuma. Nikaanza habari ya sketi na magodoro, na hapo kipaza sauti kikakatwa. Sikuona nani aliyekikata. Uwanja ule ni mkubwa na sauti yangu unaijua, haifiki hata jikoni.

Nyanchama akainuka. Hakuniuliza. Nilisema sentensi, naye akairudia kwa sauti yake yote, akiigeukia ile safu ya wazazi. Nilisema nyingine, akairudia. Tulipofika kwenye mguu unaobembeza benchi, wasichana wa benchi letu wakaanza kujitikisa pale walipokaa, na kicheko kikatoka kwa Kidato cha Nne kikaenda mpaka kwa wazazi. Mwisho nilisema, "Aliondoka, akarudi, na sisi tungekuwa darasa hafifu kama asingerudi." Nyanchama aliisema hiyo mara mbili. Kwamboka alikuwa amesimama wima, mikono nyuma kama askari kwenye gwaride, machozi yanamtoka na hayafuti.

Madam Naibu alikuwa ameshasimama, uso ameukaza. Kabla hajafika kwangu, yule bibi akatoka kwenye safu. Alitembea polepole mbele ya watu wote, mtoto mgongoni ameamka sasa na anatazama kila upande. Kiswahili chake ni kidogo. Nadhani aliamini mambo yote yale yalipangwa na shule. Akaenda moja kwa moja kwa Madam Naibu, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mbuya mono, mwarimu," alisema, yaani vizuri sana, mwalimu. "Asante kusoma mtoto yangu. Asante kurea yeye."

Madam Naibu alitazama ile mikono, akamtazama mtoto, na mtoto akamshika mkufu.

"Karibu, mama," alisema mwishowe.

Wanawake wakapiga vigelegele, na shughuli ikaisha hivyo.

Baada ya chakula niliitwa ofisini. Beji ya uongozi nikaivua mwenyewe, nikaiweka mezani. Madam Naibu akataka niandike barua ya kuomba msamaha, isomwe kwenye gwaride.

"Madam," nilimwambia, "nionyeshe neno moja la uongo nililosema, nami nitaliombea msamaha."

"Si uongo. Ni kiburi. Nilikukataza, ukafanya."

"Ulinikataza, nikafanya. Hilo nakubali, na adhabu yake nimeipokea. Lakini siwezi kuandika kwamba nimekosea kumsoma. Nitakuwa namwambia bibi yule arudishe aliyopewa."

Aliifungia beji kwenye droo. Halafu akasema, "Tutamwita mama yako," nami nikamwambia namba ile ile ya zamani bado inafanya kazi.

Jumatatu gwaride lilipokwisha, Bosibori akaitwa kufunga kwa sala kama kawaida. Bosibori hajawahi kuvunja sheria yoyote ya shule hii, hata ya kukimbia kwenye varanda. Alifumba macho akaanza. Alimwombea mwalimu mkuu, akamwombea Madam Naibu na afya yake, halafu akamwombea Kwamboka kwa jina lake, na mtoto wa Kwamboka kwa jina lake, na bibi, na soko la bibi, na mimi, Mwislamu wake, niliyevuliwa beji. Mwalimu hawezi kumkatiza mtu anayesali. Tulisimama kwenye umande mpaka viatu vikalowa. Hakuna aliyesema "Amina" mapema.

Tangu siku hiyo ile barua ya msamaha haijatajwa tena, ila simu kwako bado ipo, maana Madam Naibu akisema jambo hulitimiza.

Sasa nisikilize, mama. Uliwahi kunisimulia mara moja tu, tukimenya mihogo, kwamba ulipata mimba yangu ukiwa shule. Uliponizaa uliniacha kwa bibi, ukapiga pasi sare yako, ukarudi, ukaambiwa langoni kwamba hakuna dawati lako. Hukunieleza uliwajibu nini. Nadhani hukujibu kitu, ulikuwa mdogo kuliko nilivyo mimi leo. Niliposimama pale uwanjani sikumwona Kwamboka peke yake.

Kwa hiyo usimwombe Madam radhi kwa ajili yangu. Msalimie kwa heshima, msikilize mpaka mwisho, kisha mwambie barua yangu umeipata na umeielewa. Nauli ya kuja huku usiitafute. Mtihani wa kitaifa hakuna anayeweza kuninyima, nimesajiliwa na jina langu liko ukutani. Kwamboka amepangiwa dawati la mbele yangu. Anasema anataka kusomea uuguzi, na mimi namwamini kuliko ninavyoiamini hali ya hewa ya huku.

Nisalimie bibi na umwambie dawa ni za kumeza. Msalimie mjomba fundi seremala, aliyesema kwamba baridi ya bara ingenirudisha nyumbani kabla ya muhula kwisha, na umwambie bado nipo. Msalimie shangazi wa mihogo, jirani yetu mshonaji, na wadogo zangu wote, hasa yule wa darasa la saba. Huyo mwambie kitu kimoja zaidi: dawati lake ni lake, litokee litakalotokea, na atakayemwambia halipo aje aniambie mimi.

Ni mimi binti yako, ambaye hajaomba radhi na haombi,

Mwanasha